Bega la Kulia la Madina

Asubuhi mjini Isiolo, pale wanawake wa maziwa wanapokusanyika, karibu kila mmoja hubeba mtungi begani upande wa kulia. Madina hubeba kushoto. Mgeni akimwona husema yule mama ni mtu wa shoto. Si wa shoto hata kidogo. Anakula kwa mkono wa kulia, anasalimia kwa mkono wa kulia, na akikasirika, jambo ambalo si la nadra, kidole anachokunyooshea ni cha mkono huo huo. Ila mkono wenyewe haupandi juu ya kifua. Ukimwomba akushushie kitu kwenye rafu atakuambia ujishushie mwenyewe, na usidhani ni kiburi.

Maziwa ni ya ngamia. Hufika mapema kutoka malishoni, mitungi imefungwa kamba nyuma ya pikipiki au juu ya gari, na wanawake huyapokea, huyaonja, huyachuja, mengine yakauzwa hapo hapo na mengine yakapakiwa kwenye basi la Nairobi. Kuonja ndiyo kazi yenyewe. Madina akigusisha ulimi kwenye kifuniko atakuambia kama mtungi ulifukizwa vizuri au kuna mtu alifanya haraka. Kufukiza, kwa asiyejua, ni kutia kijinga cha kuni chenye moto ndani ya mtungi mtupu, kukizungusha mpaka moshi ushike, kisha kukitoa na kufuta masizi. Maziwa yakiingia humo hayachachi upesi, na yana ladha ambayo mtu wa Isiolo akihamia mbali huikumbuka kabla hajawakumbuka ndugu zake. Nyumbani kwa Madina kuna kipande cha nondo, urefu wa mkono, cha kusukumia vijinga na kukorogea makaa. Ingekuwa vizuri nondo hiyo ibaki na kazi hiyo tu, lakini hadithi ya Madina haipiti bila kuigusa.

Alitoka upande wa Garbatulla akaolewa hapa mjini, mtaa wa Kiwanjani, na Halake, mfanyabiashara wa mifugo. Halake ni mtu mwema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mtu mbaya unajikinga naye, lakini mwema unamwachia mlango wazi. Hapigi, hatukani, swala hazimpiti. Akitoka sokoni Oldonyiro na mbuzi wake hurudi na vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajaoga atakuwa ameshamkabidhi mkewe majani ya chai na sukari. Ana jambo moja tu. Mbele ya mama yake, mzee Kuno, Halake hawezi kutamka neno lolote linalohusu mwili wa mwanamke. Hakujitungia mwenyewe tabia hiyo, amelelewa nayo, kama walivyolelewa wenzake wengi: tumbo la mke ni habari ya wanawake, na mwana akiitaja mbele ya mama yake ni kama amejivua nguo. Mbuzi akizaa, Halake atakueleza mpaka kondo la nyuma lilivyotoka. Mkewe akiugua, "anaumwa kidogo," basi.

Watoto hawakuja. Watu waliuliza kwa macho, halafu wakauliza kwa mdomo. Kuno, na haki yake apewe, hakumsimanga mkaza mwanawe hata siku moja. Wasimangaji walikuwa majirani. Mmoja wao, mtoto wake akilia, alipenda kushusha pumzi na kusema, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," huku akimtazama Madina kana kwamba ni yeye aliyemfinya huyo mtoto. Madina alikuwa na ulimi wa kumjibu. Alichokosa ni jibu.

Basi akaenda hospitali, kwenye mji mwingine, hospitali ambayo jina lake halitasaidia kitu hapa. Wakampiga picha ya tumbo. Daktari akamwambia kwamba kifuko cha mayai kimoja kina uvimbe, na mirija ya uzazi imeshikana. Hawatapasua tumbo lote, alisema, wataingia kwa matundu madogo na kamera. Safari ya kwanza watatoa uvimbe tu, kwa sababu mahali penyewe pamewaka, pamevimba, na hapavumilii mengi kwa siku moja. Akishapona arudi baada ya miezi michache wajaribu kufungua mrija mmoja ambao bado una matumaini.

"Lakini usikawie, mama," daktari alisema. "Wakati wako si mwingi."

Madina aliondoka na neno hilo, mrija mmoja, na akalitunza kama mtu anavyotunza kaa la moto la kuwashia jiko kesho yake. Usiku na mchana lilikuwa naye. Mrija mmoja unatosha. Kwani mtoto anahitaji njia ngapi?

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake akaruhusiwa. Nesi akamwambia vidonda visilowe na asiinue kitu kizito, akamwuliza kama ameelewa, naye akasema ameelewa. Wakati Madina akiinama taratibu kuvaa viatu, yule nesi alitoka akasimama kwenye korido na Halake, aliyekuja kumchukua mkewe. Madina aliona midomo ikienda na Halake akikubali kwa kichwa, kwa adabu, macho yake ameyaelekeza ukutani. Hakusikia walichosema. Alidhani ni habari ya dawa.

Nyumbani alimkuta Kuno ameshatandika mkeka, maziwa yamechemshwa, majirani wamefukuzwa. Halake alisalimia, akakaa, akainuka, akakaa tena, na asubuhi gari la Oldonyiro lilipopiga honi akatoka. Siku hiyo ndiyo bega lilipoanza.

Ajabu yake ni kwamba tumbo lililotobolewa halikusema kitu cha maana. Bega la kulia, ambalo hakuna kisu kilicholifikia, ndilo lililompigisha mayowe. Akilala chali linatulia. Akiinuka tu anywe chai, maumivu yanapanda, yanakaa juu ya bega karibu na shingo na kuchoma ndani, pumzi ikamkatika. Kuno alilibonyeza bega, halikuvimba. Akalisugua kwa mafuta, halikusikia. Akamketisha, akamlaza, akamketisha tena, akitazama jinsi maumivu yanavyokuja na kuondoka, uso wake ukazidi kukunjamana.

"Hii kitu ilikuwa tumboni," Kuno alisema. "Daktari ameifukuza, imekimbia juu. Sasa imekaa kwa bega. Tukiiacha hapo itashuka kwa moyo."

Usimcheke. Kuno aliona kilichokuwa mbele yake kuliko wengi wetu tunavyoona: kwamba kitu kimetoka tumboni kikapanda begani. Hapo alikuwa amepatia. Alikosea dawa. Kwao alikokulia, maumivu yanayohama huchomwa pale yaliposimama. Yeye mwenyewe ana alama kuzunguka kitovu. Halake ana moja ubavuni, ya homa ya kifua ya utotoni, na Halake huyo yuko hai, anauza mbuzi. Kuno aliwahi kuchoma watoto wa watu wakapona, na wale ambao hawakupona, nani angejua kilichowaua?

"Dawa ya moto ni moto," alisema, na akatia nondo jikoni.

Madina alikubali. Hili ni lazima lisemwe, maana baadaye watu walilisimulia kana kwamba alishikwa na wanawake wanne. Hakushikwa na mtu. Alifungua kanga mwenyewe, akauma kipande cha kitambaa, akawaza mrija mmoja, kwamba akipona bega atarudi hospitali mapema. Kuno alisema bismillahi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaweka chuma. Akakiinua, akakiweka tena kwa kukikingamisha. Nyumba ilinuka nyama na ilinuka moshi wa mitungi, kwa kuwa nondo ilikuwa na harufu zote mbili, na mpaka leo Madina akifukiza mtungi kuna wakati hulazimika kutoka nje akapunge upepo.

Siku mbili baadaye yale maumivu ya ndani yalikwisha. Yalikwisha kabisa, kama hayakuwahi kuwepo. Kuno akamshukuru Mungu kwa sauti, akawaambia majirani, "Mmeona?" Nao waliona. Hakuna aliyejua kwamba yangekwisha hata kama wangekaa wote wakipiga domo na kunywa chai.

Kilichobaki ni kidonda. Kidonda kikaoza. Homa ikaja ikakaa, usaha ukafika kwenye kwapa, na kilipofunga hatimaye kilifunga kwa kuvuta: ngozi ikajikunja ikawa ngumu, ikaushika mkono chini. Alama yenyewe ni mistari miwili iliyokingamana. Ukiiona utadhani ni chapa ya ngamia, na kuna mtu aliyewahi kumtania hivyo sokoni. Hakurudia.

Halake aliporudi kutoka Oldonyiro alisimama mlangoni akatazama bega lililofungwa. Akauliza kimefanyika nini. Mama yake akamweleza.  Halake alitoka nje, akakaa juu ya jiwe kofia ikiwa mkononi, na alikaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Madina, ndani, katikati ya homa, alimwona kupitia mlango akafikiri: mume wangu ananionea huruma. Alimpenda siku ile kuliko siku nyingine zote. Ukitaka kujua ni wapi anapoumia zaidi leo, si begani, ni hapo.

Miezi ya kurudi hospitali ikafika. Mkono ulikuwa bado kwenye kitambaa cha kuning'iniza.

"Walimtoboa tumbo, bega ikakufa," Kuno alisema. "Wakimtoboa tena, itakufa nini?"

Madina aliogopa, lakini mrija mmoja ulikuwa bado unamwita. Akamfuata Halake penye zizi, peke yake, akamwuliza, "Wewe unasemaje? Nikisema niende, utanipeleka?"

Halake aliparuza mgongo wa mbuzi kwa muda mrefu. "Tumwachie Mungu," akasema.

Mwanamke afanye nini na jibu kama hilo? Ukibishana nalo unaonekana unabishana na Mungu. Madina akajifunza kubeba mtungi upande wa kushoto, miaka ikapita, na ule wakati ambao daktari alisema si mwingi ukaisha kimya kimya. Halake alipooa mke wa pili alimwomba ruhusa kwa heshima zote, naye akaitoa. Huyo ni Fardosa, msichana wa Chechelesi, mchangamfu, mvivu kidogo wa kuosha vyombo. Amezaa mabinti wawili. Wanamwita Madina mama mkubwa, wanalala kwake wakipenda, na yeye huwapenda kwa hasira, huwagombeza huku akiwapakulia.

Mwaka huu Fardosa akaanza kuumwa chini ya kitovu. Picha ikaonyesha uvimbe. Daktari akasema operesheni ya kamera. Fardosa aliporudi na habari hiyo hakutazama tumbo lake. Alitazama bega la Madina, akaanza kulia.

"Mimi siendi, dada. Afadhali nibaki na huu uvimbe."

"Utaenda," Madina alisema. "Na mimi nitakaa na wewe. Ikianza, utanishika."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini Madina alikwenda. Safari hii hospitali haikuwa mbali, na daktari alikuwa Mohamednoor, kijana wa zile familia za Kisomali za zamani hapa mjini, mtu mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Operesheni ikaisha salama. Fardosa akarudishwa wodini, na Madina akavuta kiti karibu na kitanda, upande wa bega la kulia, akangoja.

Akangoja sana. Fardosa alifumbua macho, akauliza watoto wamekula nini. Akataka chai. Halafu, bila kuombwa na mtu, akajiinua akakaa. Akakaa! Madina alishika ukingo wa kitanda kwa ajili yake.

"Bega?" akauliza.

"Bega gani?" Fardosa alisema, akipuliza chai.

Kesho yake asubuhi Mohamednoor alipopita, Halake naye alikuwa amefika na chupa ya chai, amesimama mlangoni kama kawaida yake, nusu ndani nusu nje.

"Salaam aleikum, mama. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Waaleikum salaam. Daktari, huyu mbona bega yake haiumi?"

Mohamednoor akatabasamu. "Kwani unataka iume?"

"Yangu iliuma."

Daktari aliacha kutabasamu. Akavuta kiti. Madina baadaye alikumbuka kwamba alivuta kiti, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya hivyo.

"Mama, sisi tukiingia na kamera tunajaza tumbo gesi kwanza, ifure kama hema, ndio tuone ndani. Tukimaliza tunaitoa. Lakini kidogo inabaki, inapanda juu, inakaa chini ya ile ngozi nyembamba inatenga tumbo na kifua. Inaisumbua. Sasa mishipa ya hiyo ngozi inatoka hapa shingoni, mahali pamoja na mishipa ya bega. Ubongo unachanganyikiwa. Unasikia ni bega inauma, kumbe bega yenyewe haina kitu. Siku mbili, tatu, gesi inaisha yenyewe, na maumivu pia."

"Na huyu?"

"Huyu kabla sijafunga nimemnyunyizia dawa ya ganzi kule juu, chini ya hiyo ngozi. Halafu tukaikamua gesi pole pole. Haiondoi yote, inapunguza tu. Leo jioni ama kesho anaweza kusikia kidogo. Msishtuke."

Madina akauliza, "Hiyo dawa imekuja lini?"

"Ya ganzi? Ya zamani, mama. Ni ndugu ya ile unadungwa ukitolewa jino."

Mkono wa Madina ukaenda shavuni wenyewe. Gego lake la nyuma lilitolewa mwaka mmoja kabla ya operesheni yake, hapa hapa mjini, na alikumbuka lile shavu lililokufa ganzi na jinsi alivyocheka akishindwa kutema mate. Kumbe dawa ilikuwa kabatini miaka yote hiyo, ya meno.

"Si kila daktari anaitumia hivyo," Mohamednoor alisema, kana kwamba amesikia. "Wengine wanasema faida yake ni ndogo. Lakini hata bila dawa, mtu akijua tu ni gesi, na itaisha, anavumilia. Wewe hawakukuambia?"

Kabla Madina hajafungua mdomo, jibu likatoka mlangoni.

"Hata ile wakati walisema hivyo hivyo," Halake alisema, kwa sauti ya mtu anayechangia mazungumzo. "Hewa inapanda kwa bega, inaisha yenyewe."

Kisha akasikia alichokisema. Chupa ya chai ilibaki hewani mkononi mwake. Daktari alimtazama Halake, akamtazama Madina, akamtazama tena Madina begani, akainuka akasema ana wagonjwa wengine.

Madina hakupiga kelele wodini. Alimtoa mumewe nje mpaka kwenye ukuta wa nyuma, penye kamba za kuanikia mashuka.

"Waliambia nani?"

"Mimi. Yule sista, kwa korido."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje, Madina? Mama alikuwa amekaa hapo. Nianze kumwambia mambo ya tumbo yako? Nilisema nitakuambia wewe, asubuhi. Halafu gari ikaja."

"Na uliporudi?"

"Niliporudi ulikuwa umeshachomwa. Ningesema, ningemuua mama."

"Na kule zizini? Nilipokuuliza unipeleke?"

Halake aliangalia mashuka. Hapo hakuwa na mama wa kumsingizia. Walikuwa yeye na mkewe tu, siku ile penye mbuzi, na mbuzi hawapeleki maneno. Kama angesema kwamba hospitali haikuharibu bega, ingebidi aseme nani aliliharibu, na kwa nini. Aliona ni rahisi zaidi mke wake aiogope hospitali.

"Ulimwachia Mungu," Madina alisema, "kitu ambacho Mungu alikupa wewe mdomo ukiseme."

Kuna msemo kwamba mficha uchi hazai. Msemo ni wa kweli, ila haukusema kwamba anaweza kuficha mmoja na asiyezaa akawa mwingine. Halake ana mabinti wawili. Madina alirudi wodini, akakunja nguo za Fardosa, na Fardosa aliporuhusiwa jioni hiyo wakarudi wote Kiwanjani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kupokea maziwa, kwa sababu maziwa hayajui kama umelala ama hukulala. Aliyaonja yote, yote yakawa machungu mdomoni, akajua tatizo si mitungi. Alirudi nyumbani mchana, mitungi mitupu begani kushoto, na kutoka barabarani akaona moshi unatoka jikoni. Akafikiri, vizuri, kuna mtu amenianzia kufukiza.

Jikoni hakukuwa na mtungi. Fardosa alikuwa amekaa mkekani, bega la kulia liko wazi, midomo imemkauka. Ganzi ilikuwa imekwisha na bega limeanza kumuuma, kidogo tu, kama alivyosema daktari, naye alipoinuka kwenda kunawa alilishika, na Kuno akamwona, naye hakuthubutu kumbishia mama mkwe. Kuno alikuwa amechuchumaa penye jiko, mzee sasa, mikono inatetemeka. Ncha ya nondo ilikuwa nyekundu.

Na Halake alikuwepo. Hilo ndilo Madina aliloliona mwisho, na ndilo lililomkata maini. Halake alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, fimbo mkononi. Alikuwa amemsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe, jana tu. Aliitazama nondo, akatazama viatu vyake.

Madina alitua mitungi. Akainyakua nondo kutoka jikoni kwa mkono wa kulia, huo huo usiopanda, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Maji yakapiga kelele, mvuke ukajaa.

"Wewe!" Kuno alisema. "Unataka mtoto wa watu akufe?"

"Ni hewa, mama." Akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mbele ya mwanamume. "Daktari anajaza hewa kwa tumbo ndio aone kizazi. Kizazi, mama. Ile hewa inapanda, inadanganya bega. Hakuna kitu kwa bega yake. Kesho, kesho kutwa, itaisha. Hata yangu ingeisha."

"Nani amesema?"

"Daktari. Na mtoto wako amesikia. Hii mara, na ile mara yangu. Kabla hujaweka hiyo chuma kwa moto, alikuwa anajua."

Kuno aligeuka pole pole, akishikilia ukuta. "Halake?"

Ilikuwa nafasi yake. Neno moja lingetosha, hata ndiyo tu. Halake alifungua mdomo, uso ukamwiva, akamwangalia mama yake, akamwangalia mkewe mdogo aliye na bega wazi, akageuza macho upesi.

"Mama, hiyo ni mambo ya wanawake," akasema. Akatoka. Wakasikia fimbo yake ikigonga lango, halafu mbuzi.

 Kuno akasogea mpaka kwa Madina, akamshushia kanga begani, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu kidonda kifunge. Akaweka kiganja juu ya ile mistari miwili, akapapasa kama anayetafuta kitu alichokiangusha gizani.

"Basi hapa nilichoma nini?"

"Hukuchoma kitu, mama. Hapakuwa na kitu."

Mzee akaanza kulia, kwa mdomo wazi, bila sauti. Madina hakuusukuma mkono wake. Hakumwambia pia kwamba haikuuma, wala kwamba yamepita, ingawa hayo ndiyo maneno ambayo watu humpa mzee anayelia. Fardosa alijifunika bega, akatambaa mkekani akaegemea ukuta. Mitungi ilikuwa bado haijafukizwa na maziwa ya kesho yalikuwa njiani. Madina akaitoa nondo kwenye ndoo, akaifuta kwa kanga yake, akairudisha motoni kukorogea makaa.